Bakteria katika upasuaji wa makengeza: dhana potofu na ukweli

Dhana potofu: Vifaa vikishatakaswa vizuri, hakuna bakteria watakaofika jichoni.

Ukweli ni kwamba sindano na uzi vinaweza kutoka kwenye pakiti vikiwa safi kabisa na bado vikapata bakteria kabla ya upasuaji kwisha, kwa sababu chanzo chao kikuu ni kope na ngozi ya mgonjwa mwenyewe. Hata jicho lenye afya hubeba bakteria, hasa Staphylococcus epidermidis, ambao hawana madhara mpaka wapate njia ya kuingia ndani. Katika upasuaji huu, msuli unaogeuza jicho hushonwa upya kwenye jicho; uzi wake ni mrefu, na ukigusa kope mara moja tu hutosha kuwabeba; watafiti waliopima nyuzi na sindano zilizokwisha kutumika wamewakuta kwenye sehemu isiyo ndogo ya vifaa hivyo. Ndiyo maana kope hufunikwa kwa plastiki inayonata, na kabla ya kukata, povidoni-iodini (dawa ya kuua vijidudu) ya asilimia 5 huwekwa jichoni na kuachwa kwa dakika chache. Dakika hizo, ambazo mwenye haraka huziona za kupoteza, zina ushahidi mzito kuliko matone ya antibiotiki yanayotolewa baadaye. Dawa yenyewe si ngeni Afrika Mashariki: utafiti uliofanyika Kenya kwa watoto wachanga zaidi ya 3,000, uliochapishwa mwaka 1995, ulionyesha kuwa tone la asilimia 2.5 liliwakinga na maambukizi ya macho vizuri kuliko nitrati ya fedha, dawa nyingine ya matone ya macho.

Dhana potofu: Sindano ikiwa na bakteria, mgonjwa ataambukizwa tu.

La. Bakteria wachache wanaobaki juu ya jicho kwa kawaida hushindwa na kinga ya mwili, na maambukizi ya ndani ya jicho baada ya upasuaji huu ni nadra sana. Hatari iko kwenye kina cha sindano. Msuli hushonwa kwenye ukuta mweupe wa jicho, ambao nyuma ya mahali msuli unaposhikana na jicho una unene wa takriban milimita 0.3, na sindano ikiutoboa inaweza kuwafikisha bakteria ndani, mahali ambapo kinga ni dhaifu.

Dhana potofu: Jicho hutolewa nje, msuli ukatengenezwa, kisha likarudishwa.

Halitolewi. Hubaki mahali pake muda wote.

Dhana potofu: Mtoto asipolalamika, jicho linapona.

Wekundu wa wiki kadhaa ni wa kawaida. Kinachotia shaka ni jicho lililokuwa likipata nafuu kisha likageuka katika siku chache za mwanzo: kope kuvimba zaidi, usaha, maumivu kuongezeka, homa. Mtoto mdogo hatasema kwamba haoni vizuri. Atalala kupita kiasi na kukataa kula. Arudishwe hospitali siku hiyohiyo bila kungoja tarehe ya kliniki, wala asitiwe maziwa ya mama au maji ya mitishamba jichoni, kwani hayo si masafi na huchelewesha matibabu.