Mkufunzi wa simulesheni, slaidi azimalize nyumbani

Semina nyingi za kuandaa wakufunzi wa simulesheni, yaani mazoezi ya kuigiza huduma kwa mdoli badala ya mgonjwa, zinaendaga hivi, asubuhi mpaka mchana ni projekta tu, aina za manikini (hiyo midoli ya mazoezi), nadharia za watu wazima kujifunza, halafu jioni watu washachoka ndo wanaambiwa haya sasa tufanye zoezi, kila mtu dakika tano. Kwa maoni yangu hapo tumekosea mpangilio kabisa.

Pale Hospitali ya Haydom, Manyara, utafiti uliochapishwa 2013 ulionyesha semina ya siku moja ya Helping Babies Breathe (mafunzo ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua) iliwafanya watumishi wawe wazuri kwenye mdoli, ila leba kwenyewe huduma kwa mtoto haikubadilika. Baadaye wakaweka mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale kazini na vifo vya watoto ndani ya saa 24 za mwanzo vikapungua. Sasa mazoezi hayo yanahitaji mtu wa kuyaendesha wodini, na huyo ndo tunayemwandaa.

Dawa ni darasa lililogeuzwa, yaani somo mtu analiangalia nyumbani, darasani ni mazoezi. Lilipata umaarufu kupitia walimu wawili wa kemia huko Colorado, Marekani, Jonathan Bergmann na Aaron Sams, waliorekodi vipindi mwaka 2007 kwa ajili ya wanafunzi waliokosa darasa. Muuguzi anayetoka zamu ya usiku hilo linamfaa sana. Siku chache kabla, mtumie kwenye grupu la WhatsApp video fupi fupi, moja namna ya kujaza maji NeoNatalie, yule mdoli wa mtoto mchanga, na kuminya kipira cha mapigo ya kitovu, nyingine namna ya kuongoza mjadala baada ya zoezi, na maswali machache ya kujibu. Video ziwe nyepesi jamani, bando ni hela, na bosi wake ampe muda wa kuziangalia.

Darasani sasa ni kufanya tu. Mmoja anaendesha, wawili wanamhudumia mtoto asiyelia, wengine wanaangalia, na uzito wote uwe kwenye mjadala. Mkufunzi anajifunza kusema, "nimeona imepita zaidi ya dakika moja ndo mkaanza kumpumulisha, dada ulikuwa unawaza nini pale?" halafu anyamaze. Kunyamaza huko ndo kugumu, sekunde chache tu anaanza kujijibu mwenyewe, anageuza mjadala kuwa lekcha na yule dada hasemi tena kwamba alikuwa anatafuta maski inayomtosha mtoto. Hiki kitu hakifundishiki kwa slaidi, lazima akijaribu, wenzake wamwambie, arudie tena.

Atakayekuja hajaangalia video usirudie somo kwa ajili yake, mpe simu na spika za masikioni akae pembeni amalize ndo ajiunge, maana ukifundisha upya mara moja tu, semina ijayo hakuna atakayefungua hizo video.