Ufafanuzi: Vyuo vya sanaa huria vya Marekani hufanya utafiti, hata wa sayansi

Ujumbe unaozunguka kwenye magrupu ya wazazi unadai kuwa vyuo vya sanaa huria vya Marekani (liberal arts colleges, yaani vyuo vya elimu pana, hasa ya shahada ya kwanza) hufundisha uchoraji na maigizo tu, na kwamba havifanyi utafiti wowote. Si kweli.

Vyuo hivi huwa na idara za fizikia, kemia, biolojia, hisabati, uchumi, historia na falsafa. Mhadhiri mmoja huchunguza vinasaba vya nzi wa matunda, mwenzake husoma nyaraka za kale. Na kwa kuwa vingi havitoi shahada ya uzamivu, wanaoingia maabara na profesa ni wanafunzi wa shahada ya kwanza. Baadhi huchapishwa majina yao kwenye makala za kitaaluma. Kwa kijana wa miaka 20, naiona hiyo kuwa fursa adhimu.

Neno "sanaa" katika jina hilo hutuchanganya kwa sababu sekondari imetuzoesha mgawanyo: huyu wa sanaa, yule wa sayansi.

Kuhakiki, fungua tovuti ya chuo, tazama orodha ya idara, kisha tafuta machapisho ya wahadhiri wake. Ukiletewa ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Kuna mtoto wa mtu anayechagua chuo hivi sasa.