Viroboto-maji elfu moja, kloni ngapi?

Ukivuta wavu ziwani ukapata viroboto-maji wa jenasi Daphnia elfu moja, bado hujajua una kloni ngapi, yaani makundi mangapi ya wanyama wenye jeni zilezile. Mazingira yakiwa mazuri, jike huzaa majike wenzake bila dume, na kila mtoto ni nakala ya mamaye. Hao elfu moja huenda ni kloni mia tatu, huenda ni tatu tu. Hadubini haitakusaidia kuwatofautisha.

Miaka ya 1970 watafiti walitegemea vimeng'enya, protini za mwili zinazotofautiana kulingana na jeni: walivisukuma kwa umeme ndani ya jeli wakatazama vinakoishia. Njia ilikuwa rahisi, lakini tofauti zilizoonekana zilikuwa chache, kwa hiyo kloni kadhaa zilihesabiwa kuwa moja. Baadaye zikaja mikrosatelaiti, vipande vifupi vya DNA vinavyojirudiarudia, ambavyo idadi ya marudio yake hutofautiana sana hata ndani ya ziwa moja.

Hapo ndipo wanafunzi wengi huteleza. Wanyama wawili wakifanana katika alama nne, yaani sehemu nne za DNA zilizopimwa, haimaanishi ni kloni moja. Waliozaliwa kwa kujamiiana nao wanaweza kufanana kwa bahati. Kokotoa kwanza uwezekano wa bahati hiyo, ukitumia wingi wa kila aleli, yaani kila toleo la alama. Ukiwa mkubwa, ongeza alama. Na wakitofautiana katika alama moja pekee? Pengine ni mabadiliko mapya ndani ya kloni ileile, pengine ni kosa la maabara. Mimi hurudia kipimo kabla ya kutangaza kloni mpya.

Msimu nao una usemi wake. Mayai yaliyotokana na kujamiiana hulala kwenye tope. Yakianguliwa, ziwa hujaa kloni nyingi na jenotaipu, yaani michanganyiko ya aleli, hukaribia uwiano wa Hardy-Weinberg, ule unaotarajiwa wanyama wanapojamiiana kiholela. Miezi ikipita bila madume, kloni zilizoshindwa hutoweka na uwiano huvurugika.

Mfano ninaoupenda ni wa Daphnia pulex barani Afrika. Mwaka 2006 watafiti waliolinganisha wanyama hai na mayai ya zamani yaliyofukuliwa kwenye tope la Ziwa Naivasha walionyesha kwamba kloni moja kutoka Amerika, isiyojamiiana kabisa, ilikuwa imeenea barani na kuchukua nafasi ya jamaa zake wenyeji. Anayehesabu spishi kwa umbo tu angeendelea kuandika Daphnia pulex kwenye daftari lake, mwaka baada ya mwaka.