Samaki, Mafunjo na Sera: Dhana Potofu Kuhusu Utafiti wa Maliasili Uganda

Kwenye mwalo wa Masese, ufuko wa wavuvi wa Ziwa Victoria hapa Jinja, dagaa huanikwa juu ya nyavu kuukuu ili wasishike mchanga. Mama mmoja alikuwa akiwageuza kwa fagio nilipopita, akaniuliza: "Mwanangu, hawa wanaopima maji kila mwaka wanatusaidia nini?" Ana haki ya kuuliza. Nilikaa naye hadi jua lilipokuwa kali, na mazungumzo yetu ndiyo yaliyonifanya niandike haya, kwa sababu dhana potofu kuhusu utafiti wa bioanuwai, yaani wingi wa aina za viumbe, haziko mialoni tu. Zimo maofisini pia.

"Wa samaki ashughulike na samaki, wa miti ashughulike na miti"

Dhana hii ndiyo iliyotugharimu kuliko zote. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hesabu ilikuwa ya samaki peke yake: ziwa limejaa furu, hawa wadogo wenye miiba tunaowaita nkejje, basi tumlete mkubwa awale, nasi tumle yeye. Geoffrey Fryer, mtafiti wa kituo cha uvuvi cha hapa hapa Jinja, aliandika mwaka 1960 akionya juu ya mpango huo. Sangara aliingia hata hivyo.

Kufikia miaka ya 1980 furu walikuwa wameporomoka. Ziwa lilikuwa na zaidi ya aina 500 za furu, na inakadiriwa kuwa aina 200 hivi zilitoweka. Lakini fuata uzi huo ukitoka majini. Nkejje alikauka kwa jua tu. Sangara ana mafuta mengi, jua halimkaushi. Anataka moshi au karai la mafuta, na moshi unataka kuni. Miti ya ufukweni ikakatwa. Ardhi iliyobaki wazi ikaachia udongo wake kila mvua iliponyesha, udongo ukabeba mbolea hadi ziwani, mwani ukastawi, na baadhi ya furu waliokuwa wakiula mwani huo hawakuwepo tena. Sokoni nako, samaki wa fungu akawa samaki wa kiwanda, minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya. Pesa ilikuja, hilo ni kweli, na familia nyingi zimesomesha watoto kwa sangara. Lakini mama aliyekuwa akimpikia mtoto nkejje wa bei rahisi alijikuta mnadani na mnunuzi asiyemweza.

Sasa niambie, mlolongo huo ni wa mtaalamu gani? Wa samaki anauona hadi ukingo wa maji. Wa misitu anaanzia hapo. Mchumi anaona mauzo ya nje. Aliyeuona mzima ni yule aliyekuwa akibanika samaki, na hakuna aliyemuuliza. Utafiti unaounganisha fani maana yake ni kuwakalisha hao wote meza moja kabla ya uamuzi kupitishwa.

"Kinamasi ni ardhi ya bure"

Maji taka ya Kampala hupitia mfereji wa Nakivubo, huingia kinamasi, kisha humwagika Ghuba ya Murchison. Ghuba hiyohiyo ndiyo mitambo ya Ggaba inakovuta maji ya kunywa ya jiji. Kati ya mfereji na bomba lako yako mafunjo na mizizi yake, yakinasa uchafu bila mshahara. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti waliikokotoa huduma hiyo, wa mazingira pamoja na wa uchumi, wakapata thamani ya hadi dola milioni 1.75 kwa mwaka. Mtu anayemwaga kifusi pale apate magimbi zaidi au kiwanja hapati ardhi ya bure. Gharama yake inahamia kwenye bili za maji za jiji zima.

"Kuhifadhi ni kuwafukuza watu"

Hapa sitaki kuwadanganya wasomaji: mara nyingine imekuwa hivyo. Wabatwa, wenyeji wa asili wa msituni, walitolewa msitu wa Bwindi, kusini-magharibi mwa Uganda, ulipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991, na kidonda hicho hakijapona. Ila Bwindi hiyohiyo imeonyesha njia nyingine. Kuanzia miaka ya 1990 wanavijiji wa maeneo maalumu waliruhusiwa kuweka mizinga na kuchuma mitishamba msituni, baada ya watafiti na waganga wa kienyeji kukaa pamoja kuangalia mmea upi unastahimili kuchumwa. Asilimia 20 ya kiingilio cha hifadhi hurudi kwa jamii jirani. Gorila wa milimani waliohesabiwa huko walikuwa 400 mwaka 2011, wakawa 459 katika sensa ya 2018 iliyojumuisha pia msitu jirani wa Sarambwe, ng'ambo ya mpaka wa Kongo.

"Ripoti ikishaandikwa, sera imepatikana"

Sheria tunazo. Katiba ya 1995 inasema maziwa, mito, vinamasi na hifadhi za misitu vimewekwa chini ya dhamana ya serikali kwa niaba ya wananchi. Hata hivyo, vinamasi vilivyofunika asilimia 15.6 ya nchi mwaka 1994 vimepungua sana tangu hapo. Nakivubo yenyewe imeendelea kumegwa, dola zake zikiwa zimeandikwa kwenye karatasi. Ripoti hufika baada ya bajeti ya wilaya kupitishwa, tena kwa Kiingereza kizito, wakati kamati ya mwalo inajadiliana kwa Lusoga, Luganda na Kiswahili. Mtafiti anayetaka kusikilizwa inabidi ajue diwani anakaa kikao lini, na amletee kurasa mbili anazoweza kuzisoma kwa sauti mbele ya wenzake.

Nilimweleza yule mama haya yote, kwa maneno machache zaidi. Alisikiliza huku fagio likienda. Kisha aliinama, akachambua lundo lake na kunitolea samaki watatu, wafupi kuliko kidole changu na wapana kuliko dagaa.

"Nkejje," akasema. "Mamangu alitulea kwa hawa. Walipotea, sasa nawapata wachache usiku usio na mwezi, taa zikiwa mbali na ufuko."

Nilimuuliza kama wale wapima maji wanalijua hilo.

"Wao hupita na mashua," akajibu. "Hapa hawashuki."