Mwenye mgodi hapangi bei: tunayoyadhani kuhusu chuma cha kaskazini mwa Uswidi

Agosti 2025 video moja ilizunguka sana mitandaoni: kanisa zima la mbao, jekundu, limepakiwa juu ya matrela na linasogea barabarani taratibu huku watu wamejipanga pembeni wakilitazama. Ni kanisa la Kiruna, mji wa kaskazini kabisa mwa Uswidi. Lina uzito wa tani 672, na safari yake ya kilomita 5 ilichukua siku 2. Kilicholihamisha ni chuma. Mwamba wa madini pale una urefu wa kilomita 4 hivi na umelala mshazari kuelekea chini ya mji. Kadiri wachimbaji wanavyoufuata kwenda chini, ndivyo ardhi ya juu inavyopasuka na kudidimia. Video tuliiona wengi. Mengi yanayosemwa kuhusu migodi ile, hata hivyo, si kweli, na yananikera kwa sababu yanatuaminisha kwamba mwenye madini ndiye mwenye nguvu sokoni.

Wanasema mgodi mkubwa namna ile lazima uamue bei. Ni kweli Kiruna ndiyo yenye mgodi mkubwa kuliko yote ya chuma inayochimbwa chini ya ardhi duniani, na kampuni ya serikali inayoumiliki, LKAB, hutoa takriban asilimia 80 ya madini ya chuma ya Umoja wa Ulaya. Lakini mauzo yake yote ni kama tani milioni 25 kwa mwaka, wakati China peke yake huagiza zaidi ya tani bilioni 1. Soko limeshikwa na Australia na Brazil kwa upande wa wauzaji, na viwanda vya China kwa upande wa wanunuzi. Hadi 2010 wakubwa hao walikaa mezani mara moja kwa mwaka wakapatana bei. Baada ya hapo bei ikawa ya kupanda na kushuka kila siku. Mei 2021 tani moja ilipita dola 230. Septemba mwaka huohuo ilikuwa chini ya dola 100. Mwamba ni uleule, wachimbaji ni walewale, na Kiruna hakuna aliyefanya kosa lolote.

Wadogo ndio wanaoumia zaidi. Huko Pajala, karibu na mpaka wa Finland, mgodi wa Kaunisvaara ulifunguliwa 2012, bei zikaporomoka, na Desemba 2014 kampuni ikafilisika. Malori yaliyokuwa yakibeba madini kilomita 160 hivi hadi kwenye reli yakasimama. Mwaka 2018 mgodi ulifunguliwa tena na kampuni nyingine.

Basi kwa nini Kiruna haijafungwa? Jibu limo katika dhana nyingine, ile ya kwamba chuma ni chuma, na anayechimba kwa gharama ndogo ndiye anayeshinda. Kuchimba kwa kina cha zaidi ya mita 1,300 si rahisi hata kidogo ukilinganisha na machimbo ya wazi ya Australia. Kinachowaokoa ni aina ya madini yao, magnetiti, yaani yale yanayonaswa na sumaku. Mwamba husagwa ukawa unga, sumaku ikauchambua, kisha unga ukaviringishwa na kuchomwa hadi ukawa vidonge. Kidonge kimoja kiganjani ni kama gololi: kigumu, cha duara, kipana kwa sentimita 1 na ushei. Magnetiti inapochomwa huungana na oksijeni na kutoa joto lake yenyewe, kwa hiyo tanuri la vidonge linahitaji mafuta kidogo. Na ndani ya tanuri la kuyeyushia, upepo wa moto hupenya kati ya gololi hizo bila kuziba. Bei inayotangazwa kila siku ni ya madini yenye chuma asilimia 62. Vidonge vya LKAB vina zaidi ya 65. Mnunuzi huongeza pesa juu ya bei ya soko kwa ajili ya hayo. Hapo ndipo riziki yao ilipo.

Kwenye shaba njia ya kuishi ni nyingine. Mgodi wa Aitik, karibu na Gällivare, una mwamba wenye shaba kama asilimia 0.2 tu: kilo 2 hivi katika tani nzima ya mawe. Unaishi kwa mashine kubwa na kazi isiyosimama, wala si kwa utajiri wa mwamba.

Kuna wanaodhani umbali ndio tatizo lao. Reli ya kwenda bandari ya Narvik, Norwei, ilizinduliwa 1903, na ingawa Narvik iko ndani ya Aktiki, maji yake hayagandi kwa sababu ya mkondo wa bahari wenye joto. Treni moja huvuta mabehewa 68, kila moja na tani 100 hivi. Ikiteremka kuelekea baharini, breki zake huzalisha umeme unaorudi kwenye nyaya na kusaidia treni tupu kupanda. Tatizo ni kwamba njia ni moja. Desemba 2023 treni iliacha reli, njia ikafungwa miezi 2. Ilipofunguliwa Februari 2024, baada ya siku chache nyingine ikaacha reli.

Januari 2023 ilitangazwa kwamba eneo la Per Geijer, jirani na mgodi, lina zaidi ya tani milioni 1 za madini adimu, yaani yale ya kutengenezea sumaku za mota za umeme, ambayo Ulaya huyategemea kutoka China, na vichwa vya habari vikaandika kana kwamba Ulaya imeshaachana na China. LKAB yenyewe ilisema siku ileile kwamba huenda ikachukua miaka 10 hadi 15 kabla ya kuanza kuuza. Tena nguvu ya China haiko kwenye kuchimba tu. Iko zaidi kwenye viwanda vya kuyatenganisha madini hayo, kazi ngumu ya kemikali iliyojengwa kwa miongo.

Dhana inayoniuma zaidi ni kwamba kule ni nyika tupu. Ni nchi ya Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Ulaya. Jamii ya wafugaji ya Gabna huhamisha kulungu wake wa Aktiki kati ya milima ya magharibi na misitu ya mashariki, na Kiruna imekaa katikati ya njia hiyo. Kwa leseni zilizotolewa tangu Mei 2005, sheria inadai mrabaha wa elfu 2 katika kila milioni ya thamani ya madini: 1,500 kwa mwenye ardhi, 500 kwa serikali. Mfugaji mwenye haki ya malisho lakini asiyemiliki ardhi hamo katika hesabu hiyo. Fidia ya malisho yaliyoharibiwa anaidai kando.

Kwa ajili ya kanisa, barabara ilipanuliwa kutoka mita 9 hadi 24. Kulungu hawapiti barabarani. Wanapita kwenye kipande chembamba kilichosalia kuuzunguka mgodi na mji, na Per Geijer iko hapohapo.