Waya wa Kujifungia na Waya wa Kumlipa Fundi

Jumamosi iliyopita kijana mmoja wa Buhongwa aliegesha Noah mbele ya gereji yetu pale Nyakato, akashuka na boksi la spotilaiti kwapani. Hata salamu hazijaisha akaniuliza: "Fundi, hizi nikajifungie mwenyewe nyumbani au nikuachie wewe?"

Nina miaka 18 kwenye umeme wa magari hapa Mwanza, na sijaulizwa swali jingine mara nyingi kama hilo. Watu hutegemea niseme "niachie", kwa kuwa ndiko inakotoka riziki yangu. Sisemi hivyo. Na mimi humuuliza mwenye gari: kitu hiki kikigoma saa mbili usiku, familia imo ndani, utapoteza nini? Kama utakosa muziki, kajifunge mwenyewe, nami nitakuelekeza bure. Kama utakosa taa, breki au usukani, au gari lenyewe litawaka moto, tukae kwanza tuongee. Habari ya bei ije baada ya hapo.

Redio ndiyo kazi ninayopenda mtu aanzie. Magari yetu mengi yanatoka Japani yakiwa yameshatumika, na redio zake hunasa FM ya kule, inayoanzia megahezi 76 na kwenye redio za zamani inaishia 90. Vituo vyetu viko kati ya 88 na 108. Ndiyo maana mtu analitoa gari bandarini kwa furaha, akifika nalo Mwanza redio inakoroma tu. Madukani kuna kiboksi kidogo kinachokaa kati ya waya wa antena na redio, kazi yake kushusha masafa. Kikiwa cha kushusha 16, kituo cha 98.0 utakiona kwenye kioo kimeandikwa 82.0. Kukifunga ni nusu saa: antena inaingia huku, inatokea kule, waya mmoja wa moto, mmoja wa bodi, yaani chuma cha gari. Ila ujue hakipanui dirisha, kinalisogeza tu. Anayetaka vituo vyote kuanzia 88 mpaka 108 abadilishe redio nzima.

Kubadilisha redio nzima nako mtu mtulivu anakuweza. Redio nyingi za Toyota za kutoka Japani zina upana wa milimita 200, na nyingi za madukani zina 178, kwa hiyo usishtuke ukiona pengo la milimita 11 kila upande. Kuna vipande vya plastiki vya kuliziba, nunua siku hiyohiyo. Nyuma ya redio mpya, waya wa njano kwa kawaida ni wa moto wa kudumu kutoka kwenye betri, mwekundu ni wa moto unaokuja na ufunguo, mweusi ni bodi. Kwa upande wa gari usiamini rangi hata kidogo. Shika mita ya umeme, pima upi una volti 12 ufunguo ukiwa umetolewa, na upi unapata baada ya kuzungusha. Ukichanganya njano na nyekundu, redio itasahau vituo kila unapozima gari. Ukifunga zote mbili kwenye moto wa kudumu, redio haitazimika na ufunguo, na ukiisahau usiku asubuhi utakuta betri imekufa. Kosa la namna hii linakufundisha na halimuumizi mtu, na ndiyo sababu hasa ya kuanzia hapo.

Sasa spotilaiti za yule kijana. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 na watu kuachana na foleni ya kivuko, naona wengi wanarudi usiku kutoka Sengerema na Geita, na wengi wanataka taa za ziada. Taa zake zilikuwa mbili za halojeni, kila moja wati 55. Jumla wati 110, gawanya kwa volti 12, unapata ampia 9 na kidogo. Hesabu hiyo fupi ndiyo inayokuambia unene wa waya, ukubwa wa fyuzi, na kwa nini huwezi kuupitisha mzigo huo kwenye kiswichi cha plastiki kilichokuja ndani ya boksi.

Kinachohitajika ni rilei. Ina miguu minne yenye namba, na namba hizo ukizizoea hutazisahau: 30 inapokea moto kutoka kwenye betri, 87 inaupeleka kwenye taa, 85 inakwenda bodi, 86 inatoka kwenye swichi. Swichi inabeba umeme mdogo tu, chini ya robo ya ampia, wa kuamsha sumaku iliyo ndani. Sumaku ikivuta, mzigo mkubwa unapita kwenye 30 na 87 bila kuingia ndani ya gari. Waya wa mzigo uwe wa milimita mraba 2.5, fyuzi ya ampia 15. Na fyuzi ikae karibu na betri, sentimita chache tu kutoka kwenye taminali.

Hili la mahali pa fyuzi nalisema kila siku kwa sababu liliwahi kunipata. Mwaka 2012 nilikuwa na Probox, nikajifungia taa mwenyewe, tena nikiwa fundi tayari. Fyuzi niliiweka chini ya dashibodi ili iwe rahisi kubadilisha, na waya wa kutoka kwenye betri nikaupitisha kwenye tundu la ule ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria, bila kuvalisha tundu raba. Miezi kadhaa waya ukawa unasugua ukingo wa chuma kila gari linapotetemeka. Nikiwa natoka Misungwi nikasikia harufu ya plastiki inayoungua, halafu moshi miguuni. Fyuzi ilikuwa nzima kabisa, na isingeweza kukatika hata kidogo: shoti ilikuwa imetokea kabla ya kuifikia, umeme unatoka kwenye betri na kumalizikia kwenye bodi palepale ukutani. Nilifungua boneti nikaukata waya kwa plaizi, mikono inatetemeka. Ganda lilikuwa limeyeyuka, nyuzi za shaba zinang'aa kama zimepigwa msasa. Pembeni yangu alikuwa amekaa mdogo wangu.

Fyuzi inalinda waya ulio mbele yake tu. Kipande cha kutoka kwenye betri mpaka kwenye fyuzi hakina mlinzi, kwa hiyo kiwe kifupi kuliko vyote. Na kila tundu la chuma livae raba.

Viungio ni habari nyingine, na hapa kwetu ina sura yake. Ziwa letu ni la maji baridi, halina chumvi, kwa hiyo watu hudhani magari ya Mwanza hayali kutu kama ya Dar es Salaam. Lakini kayabo, yaani sangara wa kukaushwa kwa chumvi, ina chumvi. Pikapu inayoibeba kutoka soko la samaki la Mwaloni Kirumba inadondosha maji ya chumvi kwenye bodi safari baada ya safari, na yale maji hayajui kwamba waya wako umezungushiwa tepu. Nimefungua taa ya nyuma ya pikapu ya namna hiyo nikakuta kiungio kilichosokotwa kwa vidole kimegeuka unga wa kijani, ukikigusa kinamomonyoka. Tepu yenyewe ilikuwa imeachia gundi zamani. Kwa gari lolote, na kwa hilo hasa, kiungio kibanwe na taminali kwa plaizi yake au kilehemiwe, kisha kivalishwe ule mpira unaosinyaa ukipata joto. Kama huna vifaa hivyo na huna mpango wa kuvinunua, huo ndio mpaka wako, lipa.

Balbu za LED za kuchomeka mahali pa halojeni ni rahisi sana kufunga, mtoto wa sekondari anaweza. Mimi sizifungi hata kwa hela. Kioo kile cha taa kimechorwa kukusanya mwanga wa uzi wa halojeni uliokaa mahali pake hasa; ukiweka chanzo cha umbo jingine mwanga unasambaa juu na pembeni, na anayekuja mbele yako haoni kitu. Barabara ya Musoma usiku ina baiskeli zisizo na taa na watu wanaotoka magulioni. Anayepofushwa na taa zako ndiye atakayewagonga.

Kwenye miguu ya gari msimamo wangu ni mkali. Kunyanyua gari kwa spesa, vile vipande vinavyowekwa juu ya shokapu, ni jambo la kawaida kwetu kwa sababu ya mawe na barabara za mitaa ya milimani, na video za kujifunza ziko tele. Lakini springi ya shokapu imekaa ikiwa imekandamizwa. Ukifungua nati ya juu bila vibanio vyake, inaruka kwa nguvu ya kuvunja taya. Na hata ikiingia salama, ukinyanyua mbele umebadilisha pembe za shafti, umevuta mipira ya breki, na matairi hayasimami yalivyokuwa. Bila alaimenti yanalika upande mmoja ndani ya muda mfupi. Hiyo ni kazi ya kulipia. Rimu unaweza kubadilisha mwenyewe, mradi nati zikazwe kwa spana yenye kipimo. Toyota nyingi ndogo zinataka nyutoni-mita 103. Kisha uzikaze tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Usukani wenye mfuko wa hewa usiuguse. Plagi za njano zilizo chini yake ndizo za mfuko huo. Hata fundi anatoa kwanza taminali hasi ya betri na kusubiri angalau sekunde 90.

Nikishasema lipa, naona watu wanatoa ufunguo na kwenda kunywa chai. Hilo linaniuma, kwa sababu karibu kila kitu tunachofanya sisi mafundi umeme kinafunikwa na plastiki kabla hujarudi. Mwalimu mmoja wa Igoma aliniletea gari lake likiwa linavutwa. Lilimzimikia katikati ya kupandisha Bugando, nyuma yake kuna daladala. Alikuwa amelipa hela nzuri kufungiwa alamu kwenye gereji moja ya mjini. Nilichokikuta ni waya wa pampu ya mafuta umekatwa ili upitie kwenye alamu, kisha ukasokotwa na kuzungushiwa tepu. Kiungio kimoja tu, urefu wa kidole. "Mwanangu," aliniuliza, "mimi ningejuaje?"

Nilimjibu nikiwa namwonyesha: mama, wakikwambia kazi imekwisha, mwombe fundi asirudishe plastiki kwanza. Mwambie akuonyeshe fyuzi iko wapi na ni ya ampia ngapi. Mwombe akuonyeshe kila mahali alipokata waya wa gari, na upige picha kwa simu. Fundi aliyefanya kazi safi atafurahi, nakuapia. Sisi huwa hatuna wa kumwonyesha. Anayekasirika ameshakujibu.

Kijana wa Buhongwa nilimchorea miguu minne ya rilei kwenye kipande cha boksi lake, nikamuuzia mita mbili za waya na raba ya tundu, akaenda. Jumatatu jioni akarudi, mikono ina grisi. Niliwasha injini nikapima kwenye betri: volti 13.9. Nikapima kwenye taa zikiwa zinawaka: 13.6. Kwa waya mwembamba usio na rilei ningekuta kama 12.5, na halojeni ikipungukiwa asilimia 10 ya volti hupoteza karibu asilimia 30 ya mwanga wake. Nikaupapasa waya kuanzia betri hadi ukutani. Raba ilikuwa imekaa sawasawa. Mahali pamoja tu, karibu na feni, ulikuwa unaning'inia. Nikampa vifungio viwili vya plastiki, akavibana mwenyewe.