Ilhamu maana yake nini, kwa mtu wa miyaa na katani

Ilhamu asili yake ni neno la Kiarabu, na sie watu wa pwani tumezoea kulisikia kwa washairi zaidi, mtu kakaa zake barazani mara ubeti umemjia mzima na vina vyake, basi wanasema fulani kapata ilhamu. Kwa maneno ya kawaida ni lile wazo linaloingia moyoni bila mtu kukufundisha, likakuinua ulipokaa ukafanye kitu. Hapo sina ubishi. Ubishi wangu mie unaanzia pale watu wanapodhani ilhamu ni ya mashairi na michoro tu, kisha wanakaa wanaingoja ishuke, maana nimeshika miyaa, yale majani ya kusukia mikeka, toka nina miaka kumi na ninavyoona kwenye kazi za mikono mambo yanakwenda kinyume, mkono ndo unaanza halafu wazo linafuata nyuma.

Chukua ukili. Kwa asiyeujua, ukili ni ule utepe mrefu wa kusukwa, unachana miyaa au ukindu vipande vyembamba vya upana mmoja, vingine unavichemsha na rangi, unaanika, ndo unasuka, na ukishapata pima za kutosha unaushona ubavu kwa ubavu mpaka unakuwa mkeka. Ila si mkeka tu. Ukiusuka mwembamba ukaushona kwa kuzungusha unapata kawa la kufunikia chakula, ukiusuka mpana bila rangi unapata jamvi, na hapohapo kuna msala wa kuswalia na kuna kikapu. Hata mitepe ya zamani, vile vyombo vilivyoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi bila msumari hata mmoja, tanga lake lilikuwa mkeka wa kusukwa, yaani majani hayahaya tunayolalia ndo yaliyokuwa yanashika upepo baharini. Mie siamini kuna mtu aliota kawa na tanga usingizini. Naamini kuna mtu alikuwa na kazi mkononi akajiuliza hii nikiizungusha hivi itakuwaje, na hii nikiitundika je. Hilo swali ndo ilhamu kwa ninavyoelewa mie.

Nitoe mfano wangu. Mwaka juzi nilikuwa nasuka ukili wa mkeka wa harusi, zambarau na nyeupe, nikafika katikati rangi ikaniishia na dukani ile yenyewe hamna, nikachemsha miyaa mingine kwa kuchanganya rangi mbili nilizokuwa nazo ndani ikatoka kitu cha kahawia kahawia hakieleweki, nikasuka hivyo hivyo kwa hasira, nilivyomaliza nikatamani kuufumua wote. Nikaupeleka kwa bibi mmoja jirani yetu ambaye ndo fundi wetu sote hapa mtaani, nikamwamkia, shikamoo bibi, akanipokea ukili akaupitisha kwenye vidole mwanzo mpaka mwisho hasemi kitu, kisha akaniambia, "Usifumue mama'angu. Hiyo usiyoipenda iweke katikati." Nikashona kama alivyosema. Ile kahawia ikakaa kati kwa kati, ukitazama ni kama mto unavyoingia baharini pale Pangani, maji ya tope yanasukumana na maji ya bluu wala hayachanganyiki upesi. Na kile kivuko nimekipanda mara nyingi sana maishani, lakini yale maji sikuwahi kuyaona mpaka nilipoyaona kwenye mkeka.

Ndo maana nasema ilhamu haitoki kwenye mandhari peke yake, wala kwenye kazi peke yake. Kazi inakufungua macho ukaone mandhari, ukirudi mandhari yanakuongoza kwenye kazi. Baada ya ule mkeka nimesuka mingine mitatu ya mto na bahari, na hiyo sasa nilikusudia.

Halafu kuna katani, na hapa naona watu wa Tanga tunajidhulumu. Mkonge ni mmea, katani ni zile singa nyeupe, yaani nyuzi, zinazobaki jani likishapita kwenye korona, ile mashine ya kuchakata mkonge. Mkonge kwetu ni mgeni, Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, ikapona 62 tu, ikapandwa upande wa Pangani, na kutokana na hiyo 62 nchi ikafika kwenye miaka ya 1960 inatoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, hakuna nchi iliyotushinda. Tumekua tukiiona katani ni kamba na gunia basi. Wakati huohuo wa 1960 na kitu, huko Poland mama mmoja anaitwa Magdalena Abakanowicz alikuwa anaokota kamba kuukuu za katani, anazifumua, anazitia rangi, anafuma vitu vikubwa kumzidi mtu vinavyoning'inia kutoka juu, na mwaka 1965 akapewa tuzo kubwa kwenye maonyesho ya São Paulo kule Brazil. Kazi za namna hiyo ndo zinaitwa sanaa ya nyuzi, hazikaliwi wala hazibebi nazi, zinatazamwa.

Niliposoma habari zake nikaenda kufumua kamba ya katani ya kufungia mbuzi iliyokatika. Singa zilizokaa ndani ya kamba miaka hazinyooki tena, zinabaki na mawimbi, na katani haikubali kulala kama miyaa, ukiikata fupi inasimama yenyewe. Kitu kama hicho hata ungekaa kwenye simu usiku kucha unaangalia picha hukipati, kwa sababu picha inakuonyesha kazi iliyokwisha, na ukiifuata yote ilivyo hapo umenakili, hujapata ilhamu. Kunakili si haramu, sote tumejifunza kwa kuigiza mkono wa bibi zetu. Ila ujue tofauti: ukinakili unajua mwisho wake kabla hujaanza, kwenye ilhamu mwisho unaujua ukishafika.

Sa hivi nina kipande cha katani nimekitia binzari, kimetoka manjano ya kupendeza kweli. Binzari inapauka upesi juani, najua, kwa hiyo nimekitundika dirishani nusu kivulini nusu kinapigwa na jua la asubuhi, nataka nione ule mstari utakaojichora hapo katikati utakuwa wa namna gani.